Samaki wa tangi wanakufa na hujui kwa nini? Mwongozo kamili wa kutafuta chanzo

Ujumbe ninaoupata unafanana kila wiki. Asubuhi samaki mmoja amekutwa amekufa chini ya filta. Kesho yake wawili. Mwenye tangi anakimbia dukani, anauziwa chupa ya dawa ya buluu, anaimimina yote, na siku ya tatu anatoa maiti tano. Hapo ndipo ananiuliza: "Huu ni ugonjwa gani?"

Mara nyingi si ugonjwa. Katika matangi niliyosaidia kuyachunguza hapa Nairobi, shida kubwa imekuwa maji, na dawa ikaongeza mzigo juu ya mzigo. Ndiyo maana mwongozo huu una mpangilio mmoja: maji kwanza, nyumba yako pili, mwili wa samaki tatu, dawa mwisho. Usiruke hatua hata kama unaamini umeshaona doa jeupe.

## Mahitaji

Kusanya vitu hivi kabla ya kuanza:

- Vipimo vya matone vya amonia, nitriti, nitrati, pH na KH. pH inaonyesha maji yana asidi au alkali kiasi gani, na KH inaonyesha uwezo wa maji kuzuia pH isiyumbe. Vipimo vya karatasi ni rahisi kutumia, lakini kwa amonia usivitegemee.
- Vipande vya kupimia klorini, vile vinavyouzwa kwa wenye mabwawa ya kuogelea.
- Kipimajoto.
- Pampu ya hewa na jiwe lake. Ukipata pampu ya betri pia, utaishukuru siku stima itakapopotea.
- Ndoo mbili ambazo hazijawahi kuguswa na sabuni, moja ya maji na nyingine ya kumtenga mgonjwa.
- Dawa ya kuondoa klorini.
- Chumvi ya kawaida, mizani ndogo ya jikoni, tochi, na kioo cha kukuzia.
- Glavu.
- Daftari na kalamu.

Kama pesa haitoshi, anza na kipimo cha amonia na cha pH. Usinunue dawa yoyote bado.

## Hatua ya 1: Tuliza hali, usitibu

Toa maiti zote. Zima taa. Acha kulisha kwa siku mbili. Samaki mzima mwenye afya hafi njaa kwa muda huo, na chakula kinachooza huzalisha amonia. Kisha ongeza hewa: weka jiwe la hewa, au pandisha mdomo wa filta ili maji yaanguke yakivunja uso.

Hewa ina uzito wa pekee kwetu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hiki maji hubeba oksijeni pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano kuliko maji ya joto lilelile kule Mombasa. Idadi ya samaki unayosoma kwenye vitabu vya watu wa pwani au Ulaya inaweza kuwa kubwa mno kwa tangi la Nairobi.

Onyo: usitoe kila kitu tangini ukasugua. Ukiosha sifongo ya filta kwa maji ya mfereji, klorini itaua bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati. Utakuwa umeondoa mtambo wa kusafisha maji wakati unapouhitaji zaidi.

Utajua umefaulu ikiwa, ndani ya saa moja au mbili, samaki waliokuwa wakitweta juu ya maji wanaanza kushuka. Wakishuka upesi baada ya kuongezewa hewa, umeshapata dalili yako ya kwanza.

## Hatua ya 2: Andika mpangilio wa vifo

Chukua daftari. Andika nani amekufa, siku gani, na saa ngapi ulimwona mzima mara ya mwisho. Chini yake orodhesha kila kilichobadilika kwa siku 14 zilizopita: samaki wapya, mmea mpya, maji uliyobadilisha, stima iliyopotea, chakula kipya, rangi iliyopakwa ukutani, dawa ya mende, mgeni aliyekuja na watoto.

Sasa soma mpangilio wenyewe.

Wengi wakifa kwa usiku mmoja, wa aina mbalimbali, tafuta oksijeni, klorini au sumu. Ni nadra mno kwa vimelea kumaliza tangi zima kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Kama wakubwa ndio walioondoka na wadogo wakabaki, shuku oksijeni kwanza.

Mmoja leo, mwingine baada ya siku tatu, mwingine wiki ijayo: huo ni mwendo wa ugonjwa, au wa maji yaliyochoka polepole.

Wakifa wapya tu, ni safari na kuzoeshwa vibaya. Wakifa konokono na kamba kabla ya samaki, shuku shaba au dawa ya wadudu.

Vifo vikifuata kupotea kwa stima kwa saa nyingi, chunguza filta ya kopo iliyofungwa. Bakteria ndani yake hukosa oksijeni na kufa, maji yaliyomo huoza, na stima ikirudi filta huyatapika yote ndani ya tangi. Siku kama hiyo, ifungue na kuisuuza kwa maji yaliyotoka tangini kabla ya kuiwasha tena.

## Hatua ya 3: Pima glasi tatu

Hatua hii ndiyo inayofeliwa na wengi, kwa sababu watu hupima maji ya tangi peke yake.

Glasi ya kwanza: maji ya tangi, yaliyochotwa katikati, si juu.

Glasi ya pili: maji yanayotoka mferejini sasa hivi.

Glasi ya tatu: maji ya mfereji uleule yaliyokaa ndooni saa 24 huku jiwe la hewa likibubujika.

Pima zote kwa vipimo vyote, uandike kwa safu tatu.

Kwa nini tatu? Kwa sababu katika ploti nyingi za Nairobi mfereji mmoja hutoa maji mawili tofauti. Siku ya zamu unapata maji ya kaunti, ambayo mengi yanatoka mabwawa ya Ndakaini na Sasumua kwenye milima ya Aberdare. Ni maji laini, yenye KH ndogo, na yametiwa klorini. Zamu ikiisha, keyateka (mtunza ploti) anafungulia maji ya kisima kirefu au analeta boza, lori la maji. Maji ya visima vingi vya jiji ni ya alikali. Wewe unafungua mfereji uleule, maji ni meupe yaleyale, lakini kwa samaki ya Jumanne na ya Ijumaa yanatofautiana kabisa. Mwulize keyateka siku zipi anafungulia yapi, uandike daftarini. Swali hilo moja limewahi kumaliza uchunguzi niliokuwa nimeuhangaikia wiki tatu.

Glasi ya tatu ina siri yake. Maji ya kisima yanaweza kutoka na kaboni dayoksaidi nyingi iliyoyeyuka, nayo hushusha pH. Gesi ikishatoroka, pH hupanda. Unaweza kupima 7.0 mferejini ukaona ni salama, kumbe yakishatulia tangini yanafika 8.2.

### Kusoma matokeo

- Amonia: inatakiwa iwe 0. Ukiona 0.25 mg kwa lita, kuna jambo. Ikifika 0.5 na pH imepita 8, ni dharura.
- Nitriti: iwe 0. Ikipita 0.5, chukua hatua leo.
- Nitrati: ibaki chini ya 40. Ikipita 100, tangi limechoka.
- pH: namba yenyewe si muhimu kama kuyumba kwake. Tofauti inayopita 0.5 kati ya tangi na glasi ya tatu inakutaka ubadilishe maji kidogo kidogo.
- KH: chini ya digrii 3 (dKH), pH inaweza kuporomoka ghafla.
- Klorini: iwe 0 tangini. Mferejini itaonekana, na inaweza kupanda au kushuka kutoka wiki hadi wiki.
- Joto: samaki wengi wa nchi za joto wanataka 24 hadi 27. Usiku wa Julai hapa jijini hewa hushuka hadi karibu nyuzi 10, na tangi dogo lisilo na hita huufuata ubaridi huo.

Utajua umefaulu ukiwa na safu tatu zilizojaa, na unaweza kutaja kwa kidole namba isiyokaa sawa. Zote zikiwa nzuri, furahi; umeondoa nusu ya washukiwa.

## Hatua ya 4: Rekebisha maji bila kuua waliobaki

Kama amonia au nitriti imeonekana na pH ya tangi inakaribiana na ya glasi ya tatu, badilisha asilimia 30 hadi 50 ya maji leo, yakiwa yameondolewa klorini na joto likilingana. Rudia kesho baada ya kupima.

Kwa nitriti, ongeza chumvi gramu 1 kwa lita. Kloridi iliyo kwenye chumvi huzuia nitriti isipenye kwenye damu kupitia matamvua. Kambare wadogo na baadhi ya mimea hawapendi chumvi, kwa hiyo kwao anza na nusu.

Sasa kuna mtego ambao umeniumiza moyo kila nilipoukuta, kwa sababu huwanasa watu wenye bidii. Tangi limekaa miezi mingi bila kubadilishwa maji. KH imeisha, pH imeteremka hadi 6. Amonia imejaa lakini samaki wanaishi, kwa kuwa kwenye pH hiyo karibu amonia yote iko katika umbo lisilo na sumu kali. Mwenye tangi anaamua kutenda wema: anamwaga nusu ya maji na kujaza maji ya kisima yenye pH 8. Sehemu ya amonia yenye sumu kali inapanda hata mara mia. Ndani ya saa chache samaki wote wamelala ubavu, na yeye anaapa kwamba hatabadilisha maji tena maishani.

Kwa hiyo, kama pH ya tangi iko chini ya 6.5 na amonia ipo, badilisha asilimia 10 tu kwa siku. Tumia dawa ya kuondoa klorini ambayo pia hufunga amonia, na upime pH kabla na baada ya kila badiliko. Safari hiyo inaweza kuchukua siku kumi. Ifuate.

Utajua umefaulu amonia na nitriti zikibaki 0 kwa siku saba mfululizo bila wewe kubadilisha maji kila siku. Katika tangi jipya hali hiyo huchukua wiki nne hadi sita kufikiwa, na hakuna njia ya kuikimbiza kwa kuongeza samaki.

## Hatua ya 5: Tafuta sumu ndani ya nyumba

Maji yakiwa safi lakini samaki wanaogelea kama waliorukwa na akili, wanazunguka, wanajigonga kwenye kioo, wanapinduka tumbo juu, simama katikati ya chumba uangalie hewa.

Hili limenipata. Ploti ilipigwa dawa ya mende. Nililifunika tangi kwa karatasi ya nailoni, nikaziba kingo kwa utepe, nikatoka nikiwa na amani. Pampu ya hewa niliiacha sakafuni, nyuma ya kabati, ikinguruma. Ilikuwa inavuta hewa ileile iliyojaa dawa na kuipeleka kwa mrija chini ya nailoni niliyoibandika kwa uangalifu. Niliporudi saa mbili usiku, neoni, samaki wangu wadogo, walikuwa wakizunguka kama pia karibu na jiwe la hewa. Kufikia asubuhi alibaki kambare mmoja.

Dawa nyingi za mende na mbu, za kopo na hata za kuchoma, zina kemikali za jamii ya pareto. Watu wengi huamini pareto haina madhara kwa kuwa ni ua linalolimwa hapa Kenya. Kwa binadamu madhara yake ni madogo. Kwa samaki na kamba ni sumu kali, hata kwa kiasi kidogo sana.

Kagua pia haya: mikono iliyotoka kupaka losheni au kuosha vyombo, ndoo ya kufulia, rangi na vanishi mbichi, na maji ya mvua yaliyotoka kwenye mabati mapya, ambayo hubeba zinki.

Ukishuku sumu, zima pampu au uihamishe dirishani ivute hewa safi. Badilisha nusu ya maji (ukizingatia onyo la pH hapo juu) na uweke kaboni mpya (makaa ya kunyonya kemikali) ndani ya filta. Siku ya kupiga dawa, pampu ihamishwe nje ya chumba kabla ya kopo la kwanza kufunguliwa.

## Hatua ya 6: Mtazame aliye hai

Amka kabla ya jua, usiwashe taa ya tangi. Mulika kwa tochi kutoka ubavuni. Saa hiyo oksijeni huwa chini kuliko wakati wowote, hasa kwenye tangi lenye mimea mingi, kwa kuwa usiku mimea nayo hupumua. Kama wote wako juu wakitweta alfajiri na adhuhuri wako sawa, jibu ni hewa.

Vinginevyo tazama:

- Chembe nyeupe kama punje za chumvi kwenye mapezi: ugonjwa wa madoa meupe.
- Vumbi la dhahabu linalong'aa tu unapomulika kwa pembe: velveti. Hii huua haraka zaidi, na wengi huikosa kwa sababu hawakutumia tochi.
- Mdomo au mgongo wenye utando mweupe unaoenea kwa siku moja au mbili: mara nyingi ni bakteria, ingawa wauzaji huita kuvu.
- Magamba yaliyosimama na tumbo kuvimba: figo au viungo vya ndani vimeshindwa. Matumaini ni madogo.
- Anakula lakini anakonda, mgongo unapinda, kwa wiki nyingi: minyoo ya ndani, au kifua kikuu cha samaki. Hiki cha pili kinaweza kuingia kwenye kidonda cha mkono wako, basi vaa glavu.
- Anajisugua kwenye mawe, shavu moja limefumba: vimelea vya matamvua, au klorini na amonia zilizoyachoma. Rudi kwenye daftari lako.

Angalia pia nani anamfukuza nani. Mapezi yaliyochanika kwa samaki mmoja tu anayejificha nyuma ya hita ni kazi ya jirani yake.

## Hatua ya 7: Mchunguze aliyekufa

Hii inafaa tu kwa maiti ya muda mfupi, ndani ya saa moja hivi. Aliyelala usiku kucha majini matamvua yake hufifia na mwili huota utando. Vyote viwili vitakudanganya.

Vaa glavu. Inua kifuniko cha shavu kwa kijiti cha meno. Matamvua mazima ni mekundu ya damu. Ya kahawia yanaelekeza kwenye nitriti. Yaliyopauka yenye ute mwingi yanaelekeza kwenye vimelea au kuchomwa na kemikali.

Ukimaliza, mfunge kwenye karatasi na umtupe kwenye takataka au umzike. Usimtupe chooni, na usimwachilie aliye hai mtoni kwa huruma. Hapo unapeleka ugonjwa na mgeni kwa samaki wa mto.

## Hatua ya 8: Sasa unaweza kutibu

Tibu kwa dawa moja, kwa dalili moja uliyoiona. Ondoa kaboni kwenye filta kwanza, la sivyo itainyonya dawa. Ongeza hewa.

Madoa meupe unaweza kuyatibu bila chupa. Pandisha joto nyuzi 1 kila baada ya saa chache hadi 29 au 30, kisha weka chumvi gramu 2 kwa lita, ukiigawa mara tatu ndani ya siku mbili. Vimelea vikiwa chini ya ngozi haviguswi na dawa yoyote. Huuawa vinapotoka na kuogelea kutafuta samaki mwingine. Ndiyo maana ukiacha siku madoa yanapotoweka, yatarudi. Endelea kwa wiki nzima baada ya doa la mwisho.

Ugonjwa wa bakteria tibu ndooni, si tangini, ili filta isiumie. Onyo: usitie viuavijasumu vya kuku kutoka agroveti kwa kukisia. Kipimo chake kimeandikwa kwa maji ya kunywa ya kuku, na unaweza kuua bakteria wa filta bila kumponya mgonjwa.

Asiyepona usimwache ateseke. Tikisa mafuta ya karafuu na maji ndani ya chupa ndogo mpaka yawe meupe, uyamimine kwenye chombo alimo, karibu matone 10 kwa kila lita. Atalala. Mwache humo dakika nyingine 10 baada ya matamvua kukoma kutikisika.

## Hatua ya 9: Siku 21 za kungoja

Pima amonia kila siku wiki ya kwanza, kisha mara mbili kwa wiki. Usinunue samaki mpya kabla ya siku 21 kupita bila kifo. Atakayefuata akae kwenye ndoo yake, na hewa na kifuniko, wiki tatu nyingine kabla ya kuungana na wenzake.

Kama vifo vinaendelea na kila namba daftarini ni safi, unahitaji darubini. Maabara kuu ya mifugo ya serikali iko Kabete, na kitivo cha tiba ya wanyama cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko hukohuko. Piga simu kwanza uulize kama wanapokea samaki wa tangi. Peleka mgonjwa aliye hai kwenye maji yake mwenyewe, au aliyekufa muda huohuo, ndani ya mfuko uliozungukwa na barafu. Usimgandishe kwenye friza, maana barafu hupasua seli na mchunguzi hataona kitu. Chukua pia chupa ya maji ya tangi, na lile daftari.